Maili na Mvua: Tarikhi ya Kutunza Magari katika Nchi ya Rungwe

Atokaye Uyole kwenda Tukuyu hupanda kwanza mpaka penye baridi ya Isongole, kisha huanza mteremko ambao, ukiacha vipando vichache vya katikati, haumaliziki hata msafiri akafika kwenye tambarare ya Kyela na ufuo wa Ziwa Nyasa. Maana mji wa Tukuyu umekaa kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, ilhali ziwa liko chini ya mita 500, na baina ya mji na ziwa pana mwendo wa kilomita 50 na kitu tu. Juu ya mteremko huo hunyesha mvua ambayo katika sehemu nyingi za wilaya hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ikianza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na hata kiangazi chenyewe hakikosi manyunyu wala ukungu mzito wa asubuhi. Udongo ni wa volkano, wenye rutuba ya kuotesha chai, kahawa na ndizi, na wenye utelezi wa kumwangusha mtembea kwa miguu, seuze gari lenye shehena. Katika nchi ya sifa hizi, suala la lini gari limwagwe oili, lini lipigwe grisi na lini breki zake zifunguliwe halikupata kujibiwa na kitabu cha mtengenezaji peke yake. Na tarikhi ya jibu lake, tangu magari ya kwanza mpaka haya ya leo, ni tarikhi ya watu waliohesabu kwa vipimo viwili, maili na mvua, na ambao, kwa rai yangu, walikaribia ukweli kila walipokiegemea kipimo cha pili.

Chuma hakikuwa kigeni hapa kabla ya gari kuja. Wanyakyusa walikuwa wakipata majembe yao kwa wahunzi wa Kikinga, watu wa milima ya Livingstone upande wa mashariki, ambao waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivuo, wakayashusha majembe bondeni na kuyabadilisha kwa vyakula. Lakini jembe halimdai mwenyewe kitu mpaka limelika au limevunjika, na kabla ya siku hiyo linaweza kuegemezwa ukutani msimu mzima pasipo hasara. Chombo cha chuma kinachotaka kuhudumiwa kingali kizima, na ambacho huharibika kwa sababu tu ya kutotazamwa, kilikuwa fikra ngeni kuliko hata kasi ya mwendo wake. Na katika mambo yote yaliyoletwa na gari, fikra hiyo ndiyo iliyochelewa kupata makao.

Wamisionari wa Moravian waliojenga Rungwe, na wenzao wa Berlin waliokaa kusini yao, walifika mwaka 1891, na serikali ya Kijerumani ikaja ikajenga boma mahali panapoitwa leo Tukuyu na kupaita Neu-Langenburg. Katika zama hizo zote mizigo ilifika kwa vyombo vya ziwani na kwa mabega ya wapagazi, na barabara zilikuwa njia za miguu zilizopanuliwa. Gari lilikuwa limekwisha kuonekana kwingineko katika koloni: tarehe 10 Agosti 1907 afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa makusudi katika kiwanda cha Gaggenau, akakata bara kwa njia ya Tabora na Rhodesia ya Kaskazini, asifike Swakopmund, pwani ya Atlantiki, ila tarehe 1 Mei 1909. Hakupita Rungwe, na pengine ilikuwa bahati yake. Miezi hiyo karibu 21 haikuliwa na mwendo, maana gari lilipokuwa zima lilikwenda. Sehemu kubwa iliteketea katika kungoja vyuma na petroli, jambo ambalo kila mwenye gari wa nyanda za juu alikuja kulionja baadaye kwa kiasi chake.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yalilitwaa boma la Neu-Langenburg, na baada ya vita Waingereza wakaifanya Tukuyu kuwa makao ya wilaya ya Rungwe. Ni katika miaka ya 1920, barabara zilipoanza kupanuliwa na kutiwa madaraja ya magogo, ndipo magari yalipoanza kuzoeleka katika nyanda hizi, na aghalabu katika Afrika ya Mashariki ya siku hizo gari lilikuwa Ford aina ya T. Juu ya Ford huyo inafaa kukaa kitambo, kwa kuwa ndiye mwalimu wa kwanza wa sanaa hii, na alikuwa mwalimu mkali.

Petroli yake haikusukumwa na pampu. Ilishuka kwa uzito wake tu kutoka tangini, lililokuwa chini ya kiti, kwenda kwenye kabureta, hivyo kilima kilipokuwa kikali na tangi halikujaa, kabureta ilijikuta juu ya petroli na injini ikazimika. Dereva aliyejua dawa yake aligeuza gari, akapanda kilima kinyumenyume, jambo ambalo liliwachekesha watazamaji lakini halikuwa mchezo. Breki ya miguu haikuwa magurudumuni. Ilikuwa mkanda uliofunikwa kitambaa maalumu, ukibana gurudumu ndani ya giaboksi, na mkanda huo ulilika upesi kwa kushikwashikwa katika mteremko. Oili nayo haikuwa na pampu: ilirushwa na magurudumu ya injini yenyewe ikitapakaa kwenye vyuma, na gari likipanda sana oili hukimbilia nyuma na kuacha sehemu za mbele zikiwa kavu. Ili kujua oili imebaki kiasi gani, mtu alipaswa kuinama chini ya gari na kufungua vibomba viwili vidogo, cha juu na cha chini. Oili ikitoka cha juu, salama. Isipotoka hata cha chini, safari imekwisha. Fauka ya hayo, moto wa plagi ulitoka katika koili nne zilizokaa ndani ya kisanduku cha mbao, na mbao, katika ukungu wa Rungwe, hunyonya maji. Hapo dereva aliweza kuzungusha hendeli asubuhi nzima bila ya jibu.

Kitabu cha Ford kilimwagiza mnunuzi amwage oili chafu gari likishakwenda maili 400 za mwanzo, na tangu hapo kila maili 750, yaani kilomita 1,200 hivi. Kwa safari za Tukuyu na Mbeya, kwenda na kurudi, hizo ni kama safari nane au tisa. Hapa pana kichekesho ambacho sijaona kikitajwa: tangu katikati ya miaka ya 1910 Ford nyingi za aina hii ziliuzwa bila ya kipima mwendo, basi mtu aliagizwa ahesabu maili na hakupewa cha kuhesabia. Ilimlazimu atafute kipimo kingine, na kipimo kilichokuwa karibu kuliko vyote kilikuwa debe. Petroli ya siku hizo ilikuja katika madebe ya galoni nne, mawili katika kila kasha la mbao, na debe tupu likawa ndoo, kipimo cha mchele, paa la nyumba na mlango wa banda la kuku. Galoni moja ikimpeleka mtu maili 20 katika nchi tambarare, debe moja ni maili 80, na maili 750 ni madebe tisa na ushei. Katika vilima vya Rungwe debe huisha mapema zaidi, kwa sababu injini hupanda kwa gia ya chini, ikizunguka mara nyingi kwa mwendo mdogo. Kwa hiyo aliyehesabu kwa madebe alimwaga oili mapema kuliko aliyehesabu kwa maili, naye ndiye aliyefanya ilivyotakikana, kwani debe huhesabu jasho la injini, ilhali maili huhesabu tu ardhi iliyopitwa. Watengenezaji wenyewe walikuja kulikiri jambo hili walipoanza kuandika vitabuni mwao kwamba penye vumbi, vilima au shehena nzito, muda wa oili upunguzwe. Lakini walilitia chini kwa herufi ndogo, kana kwamba nchi za namna hiyo ni nadra duniani.

Dhahabu ya Lupa ndiyo iliyoyatia magari ya Rungwe katika biashara ya kweli. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, wachimbaji wakajaa Chunya katika miaka ya 1930, na wachimbaji hula. Mchele wa tambarare ya ziwa, hapo Kyela ilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Rungwe, pamoja na ndizi na maharage ya vilimani, ulipata soko ambalo halikuwako. Lori lililopakia mpunga au mchele chini ziwani lilipanda takriban mita 1,000 kabla ya kuiona Tukuyu, likapanda tena kuvuka Isongole, kisha likashuka Uyole, na huko mbele likangojwa na barabara ya Chunya, ambayo haikuwa na huruma. Wenye malori walikuwa aghalabu wafanyabiashara wa Kihindi, na mafundi waliosifika kwa injini katika Tanganyika nzima walikuwa Makalasinga, ambao wengi wao walikuwa na asili ya ufundi wa reli na useremala, na waliyaunda hata mabodi ya malori kwa mbao za miti ya hapahapa. Vijana wa Kiafrika waliingia gereji kwa mlango wa nyuma: kufagia, kuosha vyuma kwa petroli, kushika taa, kuzungusha hendeli. Hawakupewa daraja la fundi, walakini macho hayakufungwa, na baada ya miaka michache ya kushika taa, mshika taa alikwisha kujua ni kwa nini bwana hukunja uso akisikia mlio fulani.

Vita ya pili ya dunia ilileta shule ambayo hakuna gereji ingeweza kuifungua. Maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki waliingizwa katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi, wakaendesha na kutengeneza malori Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945, nchi ambayo kwa tope na milima mtu wa Rungwe asingeiona ngeni sana. Jeshi halikungoja maili. Lilimtaka dereva akague gari lake kabla ya kuondoka, alikague tena kila kituo cha mapumziko, na alikague mara ya mwisho jioni kabla hajala: oili, maji, betri, matairi, nati za magurudumu, springi, na uvujaji wowote uliopo chini. Jambo hilo lilirudiwa siku baada ya siku hata likawa kama wudhu, halihojiwi wala halisahauliki. Nionavyo mimi, faida kubwa ambayo nyanda hizi zilipata katika vita ile, ambayo kwa mengine ilikuwa balaa tupu, ilikuwa mazoea hayo. Maana askari aliyerudi nyumbani akaajiriwa kuendesha lori la mwenye duka alikuwa dereva wa kwanza aliyetazama chini ya gari pasipo kuambiwa na pasipo kuwako kilichovunjika. Tena baada ya vita serikali ilifungua shule ya ufundi ya Ifunda, huko Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolishi, na ufundi wa magari ukawa somo lenye mtihani na cheti, ukitoka katika hali ya siri iliyoibwa kwa macho.

Land Rover, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1948, alikuja na kitabu kinene. Gari la bwana shamba, la bwana miti, la daktari na la misheni likawa la namna moja, na kwa mara ya kwanza palikuwa na ratiba iliyoandikwa na watu waliofikiria tope. Oili ya injini, kwa magari ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitakiwa kumwagwa kila maili 3,000 hivi, na chujio la hewa, lililokuwa bakuli lenye oili ya kunasa vumbi, lilitakiwa kusafishwa mapema zaidi kiangazi. Chini ya nyumba ya klachi palikuwa na tundu la kutolea oili iliyovuja, na kizibo chake kilitakiwa kutiwa kabla ya kuvuka mto na kutolewa baadaye. Kitu kidogo hicho, ambacho wengi walikipoteza wiki ya kwanza, ndicho kilichotofautisha klachi iliyodumu na ile iliyoteleza. Aliyevuka maji ya kufika katikati ya gurudumu hakutosheka na kizibo. Ilimpasa kukanyaga breki mara nyingi mwendo wa polepole ili zikauke, na siku ile au ya pili yake kufungua nati ya difu na kutazama oili: ikiwa nyeusi au ya rangi yake, vema; ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na hapo imwagwe yote hata kama ilitiwa juzi. Kadhalika grisi. Wengi hudhani grisi hupigwa ili chuma kisisagike, na hilo ni kweli nusu tu. Katika nchi ya tope grisi mpya kazi yake nyingine ni kuisukuma nje ile ya zamani pamoja na mchanga iliounasa, na kwa sababu hiyo hufaa kupigwa baada ya safari ya tope vyuma vingali vya moto, kabla tope halijakauka likawa jiwe.

Hapo ratiba ya maili ilianza kushindwa waziwazi. Lori liendalo Tukuyu hadi Kyela na kurudi mwezi wa Machi halikwenda maili nyingi, ila limefanya kazi ya miezi mitatu ya Dodoma. Na lile liendalo maili hizohizo mwezi wa Agosti limepumzika. Mafundi wa Tukuyu waliliona jambo hili mapema, nao wakaligawa gari katika sehemu mbili: oili ya injini ikafuata mwendo, kwa kuwa injini haijui kama nje mvua inanyesha, na vitu vya chini, yaani breki, springi, bushi, viungo vya usukani, bearingi za magurudumu na difu, vikafuata msimu. Mgawanyo huo haukuandikwa popote, na ni wa busara kuliko ratiba nyingi zilizochapwa.

Chai ndiyo iliyoutia nguvu ya sheria. Chai ilipandwa Kyimbila tangu zama za Wajerumani, ikaenea katika mashamba makubwa baina ya vita mbili, na baada ya uhuru wakulima wadogo nao wakahimizwa kuilima, hata Mamlaka ya Chai, iliyoundwa mwaka 1968, ikawa na viwanda vya kupokea majani yao. Sasa jani la chai si gunia la kahawa. Kahawa iliyokauka hungoja. Lori likikwama leo, itakwenda kesho, na bei ni ileile. Jani bichi lililochumwa asubuhi huanza kupata joto katika rundo lake, likawa jekundu na kuoza, na lisipofika kiwandani siku ileile mkulima amechuma bure na kiwanda kimepata hasara. Tena jani hutoka kwa wingi wakati wa mvua, barabara za vijijini za Katumba na Mwakaleli zinapokuwa katika hali mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka. Almuradi gari lilitakiwa kuwa zima zaidi pale lilipokuwa na sababu zaidi ya kuharibika. Kutoka katika mkazo huo ikapatikana kalenda ambayo mtu angeweza kuijua kwa kusikiliza tu nyundo za gereji: Agosti na Septemba, jani likiwa haba kwa baridi na ukavu, malori yalipandishwa juu ya magogo, springi zikashushwa na kupangwa upya, lainingi za breki zikapigwa ribiti mpya, king pini zikabadilishwa, Oktoba yakatolewa kujaribiwa, Novemba yakaingia kazini, na tangu hapo mpaka Mei hapakuwa na nafasi ila ya kumwaga oili usiku na kupiga grisi Jumapili.

Katika habari za lori siwezi kumpita utingo. Yeye ndiye aliyekaa nyuma juu ya shehena na kabari ya mti mkononi, na injini iliposhindwa mlimani alirukia chini na kuitia kabari nyuma ya gurudumu kabla gari halijaanza kurudi. Kazi hiyo ilimfanya ajue breki za lori lake kuliko dereva mwenyewe, maana dereva huzijua kwa mguu na yeye alizijua kwa roho yake. Wengi katika mafundi wazuri waliopata kufanya kazi kandokando ya barabara ile walianzia kwenye kabari. Hawakusoma kitabu cha mtengenezaji, na baadhi yao hawakuweza kukisoma, ila waliweza kuweka kiganja juu ya sahani ya gurudumu baada ya mteremko wa Kyela na kusema ni lipi linalobana na lipi halishiki. Joto la magurudumu manne likiwa si sawa, kuna jambo, na mtu asiende zaidi.

Miaka ya 1970 ilikuja na uhaba. Mafuta yalipanda bei tangu mwaka 1973, vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilichukua magari ya watu na ya mashirika kwenda mpakani, fedha za kigeni zikaadimika, na spea zikawa za kupatikana kwa kibali, kwa subira au kwa mlango ambao haukuandikwa kitu juu yake. Imezoeleka kuisifu miaka hiyo kwa werevu wa mafundi wake, na werevu ulikuwako: oili ilichujwa kwa kitambaa na kurudiwa, majani ya springi ya gari moja yalikatwa yakafaa gari jingine, bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi, na husimuliwa hata habari za maji ya sabuni kutiwa mahali pa mafuta ya breki, jambo ambalo katika mteremko kama huu ni kujitafutia kifo. Lakini sifa hiyo huficha hasara kubwa. Mtu hawezi kubadilisha kitu kabla hakijaharibika ikiwa hajui kama atakipata kingine. Atakitumia mpaka kivunjike, kwa kuwa kilichochakaa kilichopo ni bora kuliko kipya kisichopo. Kizazi kizima cha mafundi kilikuzwa katika kanuni hiyo, kikawa hodari wa kufufua na mgeni wa kuzuia, na mazoea ya askari wa Burma yakafa kimya. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, spea zilirudi madukani upesi kuliko mazoea yalivyorudi kwa watu.

Lami ilifika, ikaondoa tope katika barabara kuu na kuleta hatari nyingine, kwa maana pale tope lilipomlazimisha mtu ashuke kwa gia ya kwanza, lami ilimwalika ashuke kwa kasi. Pamoja nayo yakaja magari yaliyotumika Japani, madogo, ya kustarehesha, mengine yenye gia za kujibadilisha zenyewe. Na kila gereji ya Tukuyu sasa huandika katika kadi ndogo inayobandikwa ndani ya gari kilomita za sevisi ijayo, aghalabu 5,000 mbele kwa oili ya kawaida. Mtazame mtu anavyoiheshimu kadi hiyo. Ni namba ileile, au karibu yake, ya Land Rover wa mwaka 1958, na huhesabu kitu kilekile kimoja. Haisemi neno juu ya mvua, wala juu ya mteremko, wala haitofautishi gari la mwalimu aendaye Katumba na kurudi na lile Noah linaloshuka Kyela mara tatu kwa siku likiwa na abiria kuliko viti. Ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, pamoja na stika zake, ni jambo jema, ila nao hufuata kalenda ya taifa, na taifa halina mvua moja.

Kinachosahauliwa zaidi ya vyote ni mafuta ya breki, na sababu yake ni kwamba hayapungui wala hayapigi kelele. Tangu magari yalipoacha fimbo na nyaya na kuchukua breki za mafuta, nguvu ya mguu husafiri ndani ya mrija mwembamba uliojaa kimiminiko chenye tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata kikiwa kimefungwa vema. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 huruhusiwa kuchemka hata kwenye digrii 140, na joto hilo si muhali kufikiwa na breki zilizoshikwa mfululizo kutoka Tukuyu mpaka tambarare. Yakichemka huwa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu huzama mpaka sakafuni pasipo gari kujali. Vitabu vingi huagiza yabadilishwe kila miaka miwili, na vimeandikwa kwa ajili ya hewa kavu kuliko hii. Hapa mwaka mmoja ndio kadiri, na wakati wake ni Septemba, mvua ikiwa imekwisha kuyatia unyevu wake wa mwaka na nyingine haijaanza. Kazi ni ya saa moja na gharama si ya kutisha. Fundi anayejua kazi yake huyatoa yale ya zamani katika chupa nyeupe na kumwonyesha mwenye gari jinsi yalivyogeuka meusi, naye mwenye gari, akiwa na haraka na abiria wakimngoja stendi, husema breki zinashika vizuri, kwamba ana ada za watoto za kulipa, na kwamba atarudi baada ya mwezi mmoja au miwili. Na mwezi wa pili baada ya Septemba ni Novemba.